Kitanda Kilichobaki Mtaa wa Larch

Twyla Haugen aliingia kwa mlango wa jikoni, tena bila kubisha. Alizunguka nyumba kwa nyuma, akapita kando ya mapipa ya taka, akausukuma mlango kwa bega kama unavyotaka kusukumwa, na mara akawa ndani, amesimama mbele ya jiko anavua glavu.

Alikosea, na alikosea kwa mapenzi matupu. Mtu anayekuja kuomba kitanda katika soba ya Mtaa wa Larch, nyumba ya wanawake walioacha pombe, hupita mlango wa mbele. Hubonyeza kengele, hungoja barazani, hufunguliwa, huonyeshwa kiti. Katika mji mzima wa Duluth hakuna aliyeyajua hayo kumshinda Twyla, maana miaka ile alipoishi humo, yeye na wenzake ndio waliokuwa wakiwafungulia waombaji. Lakini gari la kituo cha matibabu lilipomshusha kona ya juu, na upepo wa ziwani ukamchapa usoni, miguu haikumwomba ushauri. Ilimpeleka ilikozoea.

Jikoni palinukia kahawa iliyokaa motoni tangu asubuhi. Meza ilikuwa ileile, na juu yake ile alama nyeusi ya duara, pale mwenzake wa zamani, Bernadette, alipotua sufuria ya moto siku aliyopata habari kwamba binti yake amekubali kuzungumza naye kwa simu. Twyla aliiwekea kiganja alama ile. Ilikuwa laini, imesuguliwa na mikono ya watu wengi. Ili asilie, akafungua bomba na kuanza kuosha vikombe vilivyojaa kwenye sinki.

Kesho yake asubuhi siku zake za kituoni zilikuwa zinakwisha. Wanawake wa nyumba hii wakimkataa, hakuwa na pa kwenda ila kwa kaka yake Verlin, ng'ambo ya daraja, katika chumba cha chini ya nyumba. Verlin alikuwa mtu mwema. Alikuwa pia na friji ya pili kule gereji, imejaa bia juu hadi chini, na mkewe hakuwa mtu wa kukaa na glasi kavu. Twyla alijijua. Kule asingemaliza wiki.

"We! Wewe nani?"

Aligeuka. Mlangoni alisimama msichana mwenye taulo kichwani, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

"Twyla. Nimekuja kwa mahojiano."

"Mahojiano ni saa kumi na moja, na mlango wa wageni uko mbele! Umenitoa roho, dada. Nilidhani mwizi."

"Mwizi gani anaingia akaosha vyombo?"

"Wa hapa kwetu. Mwizi wa Minnesota ataosha, atafuta, halafu aombe radhi kwa usumbufu." Msichana alicheka bila kutaka. "Mimi Kaycee. Acha hivyo vikombe, leo zamu ya Lavonne. Utamdekeza bure."

"Lile jiko la kijani mlilipeleka wapi?" Twyla aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye jiko jipya, jeupe, lisilo na historia.

"Jiko gani?"

"Lilikuwa linawashwa kwa kiberiti. Ukizubaa linakula nyusi. Rozella alikaa mwezi mzima anajichora nyusi kwa penseli."

"Sikulikuta," alisema Kaycee, akimtazama. "Kaa basi. Nitawaita wenzangu."

Walikaa kuizunguka meza. Mwenyekiti wao alikuwa Darlene LaPrairie, dereva wa basi la shule, mwanamke mpana mwenye mvi alizozisuka msuko mmoja mrefu hadi kiunoni. Kulia kwake alikaa Peg, mfuaji wa mashuka ya hospitali, na baada yake Lavonne, ambaye hakusema neno bali alifuma kofia ya sufu kana kwamba theluji iko mlangoni. Kaycee alichukua kiti cha mwisho, akakunja miguu juu yake.

Darlene alizitaja sheria kama desturi inavyotaka, na Twyla alizifuata kwa midomo kama mtu aliye kanisani. Nyumba ni ya wanaoishi humo. Hakuna meneja, hakuna daktari, hakuna mlinzi. Kila mtu ana zamu yake. Anayekunywa au kutumia chochote anatoka siku hiyohiyo, awe nani, liwe baridi la namna gani. Na mtu mpya haingii ila kwa kura. Nyumba ikiwa na watu wanne, wote wanne sharti wakubali.

"Na anayekataa," Twyla alimalizia, "anakwenda mwenyewe kumwambia mwombaji, uso kwa uso, na sababu yake. Hilo aliliweka Bernadette."

"Kumbe lina mwenyewe!" alisema Peg. "Mimi nilidhani limeshuka kutoka mbinguni."

"Lilishuka kutoka kwa mpishi wa meli za madini. Alisema hataki watu wanaokata shingo za wenzao kwa barua."

Wakacheka. Darlene akasema, "Haya, mama, tuambie habari zako," na Twyla, aliyekuwa amekaa wiki nyingi kituoni akihesabiwa vidonge na kuulizwa maswali na vijana wenye vishikwambi, alihisi kifua kinafunguka.

Akawaambia habari za Bernadette Kivela, ambaye kila Jumamosi alioka mkate wa kusuka wenye iliki, mikate mitatu kwa mpigo, na nyumba nzima ikanukia mpaka barabarani, hata mtu wa kuleta barua akawa anachelewa makusudi katika ngazi zao. Akawaambia jinsi walivyookota sofa chini kabisa karibu na bandari na kulipandisha mlima wote ule kwa mkono, theluji inaanguka, Rozella kalikalia katikati kama malkia kwa kisingizio cha goti, akiwapungia mkono madereva. Akawaambia habari za baridi iliyopasua mabomba, hita ikafa, wakaburuta magodoro yote sebuleni wakalala wamebanana kama vijiko kwenye droo. Asubuhi ile Rozella aliamka akasema hajawahi kulala na watu wengi hivyo akiwa na akili timamu. Akawaambia jinsi kila aliyeingia alivyopaza jina lake mlangoni, na aliyekuwamo ndani, hata awe bafuni na mswaki mdomoni, akaitika. Hukuweza kuingia nyumba hii ukawa mpweke. Haikuwezekana.

Peg alicheka mpaka akafuta macho. Hata Lavonne alisimamisha sindano. Twyla aliwaona wakimpenda, akaona kitanda kile kinamkaribia, karibu akinuse. Giza la mapema lilikuwa limeanza kuingia na taa ya juu ya meza ilimwaga mwanga wa njano juu ya mikono yao, na kwa muda mfupi wa utamu alikuwa amekaa na wale wa zamani.

"Sasa wako wapi?" Kaycee aliuliza.

"Nani?"

"Hao. Bernadette na Rozella."

"Rozella yuko Arizona, kwa mwanawe. Bernadette..." Twyla alivuta pumzi. "Bernadette alifia usingizini, bila tone mwilini. Tulimzika akiwa safi."

"Pole," alisema Darlene.

"Na wewe ulianza kunywa tena lini?"

"Kaycee, taratibu," alisema Peg.

"Nauliza tu. Ndiyo mahojiano, au siyo?"

"Baada ya kuhamia kwangu peke yangu," Twyla alisema. "Niliikumbuka mno nyumba hii. Ndiyo sababu nimerudi. Hapa ndipo nilipopona."

Kaycee alivua taulo kichwani, akalikunja mapajani polepole. Nywele zake mbichi zilimfanya aonekane mtoto zaidi.

"Bernadette umemtaja hata sijui mara ngapi," alisema. "Jina langu mimi nani?"

Twyla alifungua mdomo. Aliambiwa, tena pale pale kwenye sinki. Alikumbuka soksi moja. Alikumbuka taulo. Peg alikuwa ameliita jina hilo sasa hivi, naye hakulisikia, maana kwa mawazo alikuwa bado mazishini kwa Bernadette.

"Sikulishika," alikiri. "Nisamehe."

"Sijakasirika. Lakini niambie. Unataka kuja kuishi na sisi, au na wale?"

"Na ninyi," Twyla alisema upesi. "Na ninyi, bila shaka."

Darlene akamwomba atoke barazani ili wapige kura.

Baraza la nyuma lilitazama paa za nyumba za chini, na chini yake ziwa, ambalo saa hiyo lilikuwa jeusi kuliko mbingu. Meli ndefu ilikuwa inangoja nje ya mlango wa bandari, taa zake zimetulia. Twyla alijikunyata ndani ya koti na kusikiliza sauti za jikoni zisizo na maneno. Alijua namna kura zinavyosikika. Kura nzuri huwa fupi. Hii ilikuwa ndefu.

Akajaribu kumwita Bernadette akilini, kama alivyozoea kufanya kila alipoogopa, na Bernadette akaja, lakini hakuja na mkate. Alikuja kama alivyokuwa Twyla alipofika hapa mara ya kwanza: mwanamke mkali, mwenye sigara, aliyemwambia kwamba kitanda chake kinanuka na kwamba hapa hakuna mama wa mtu. Kwa muda mrefu Twyla alimchukia. Mkate wenyewe ulikuwa mkavu. Walikuwa wakiuchovya kwenye kahawa ili upite. Na katika miaka yote ile hakukumbuka hata siku moja Bernadette kuzungumzia meli zake, wala vijana wazuri aliowapikia, wala furaha yoyote ya zamani. Mtu akimwuliza alikuwa anasema, "Hayo yameshaliwa," kisha anauliza umekula nini leo.

Twyla ndiye aliyeyafanya matamu. Aliyafanya matamu kule kwenye nyumba yake ndogo iliyokuwa safi na kimya, Jumamosi moja alipooka mkate ule ule kwa kuukumbuka, akatandika vikombe vitatu, akajichekea peke yake kwa habari za sofa. Ilikuwa jioni nzuri. Ilikosa kitu kidogo tu. Jumamosi ya pili alinunua mvinyo pamoja na iliki, na ile habari ya sofa ikawa nzuri maradufu. Baadaye hakungoja Jumamosi. Hakuwahi kunywa kwa huzuni, ingawa kituoni aliwaambia hivyo na wao wakaandika. Alikunywa akiwa nyumbani Mtaa wa Larch, pamoja na rafiki zake, kila usiku, hadi mwenye nyumba alipomkuta sakafuni.

Mlango ukafunguka. Kaycee alitoka, amevaa koti la mtu mwingine linalomfika magotini.

"Ni mimi," alisema. "Wenzangu wote wamekubali. Mimi nimekataa. Nimekuja kukwambia."

"Asante kwa kuja mwenyewe. Keti."

"Usiniambie keti, mimi ndiye mwenyeji." Lakini aliketi, kwenye ngazi ya juu, na kuvuta mikono ndani ya mikono ya koti. "Si kwa ajili ya jina. Usidhani nina roho ndogo hivyo."

"Sikudhani."

"Mwaka huu majira ya baridi tulimchukua mtu kama wewe. Aliwahi kuishi hapa. Anaijua nyumba nje ndani, anapika, anatuvunja mbavu kwa vichekesho. Tulimpenda, dada, we acha tu. Mimi nilimpenda kuliko wote. Kumbe chupa iko ndani ya tangi la choo. Na alipotoka hakutoka peke yake. Alikuwa ameshaanza kunywa na Shauna, niliyelala naye chumba kimoja." Alifuta pua kwa kiganja. "Sheria ni sheria. Nilimfungashia Shauna nguo mimi mwenyewe. Nilimkunjia vizuri. Shauna hakuiona theluji ikiyeyuka."

"Pole, mwanangu."

"Sitaki pole. Niambie tu kwa nini wewe si kama yule. Niambie kitu nikiamini, nitarudi ndani nibadilishe kura. Sipendi kumfukuza mtu. Mimi si mtu wa hivyo."

Twyla alijua la kusema. Miaka ya vikao humfundisha mtu ni neno gani linafungua mlango upi. Angeweza kumshika mkono msichana huyu, akalia kidogo, machozi ya kweli kabisa, na kitanda kingekuwa chake kabla kahawa haijamwagwa. Ng'ambo ya maji taa za daraja zilikuwa zimewaka, na mwisho wake upande wa pili ilikuwako gereji ya Verlin.

"Lile swali lako," alisema. "Nilikudanganya. Nataka kuishi na wale."

Basi Twyla akamweleza habari za vikombe vitatu. Hakupunguza. Alimweleza hata kwamba alikuwa akipaza jina lake mlangoni mwa nyumba ile tupu, kisha akijiitikia kwa sauti ya Rozella. Aliposikia anavyosikika, aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini aliendelea mpaka mwisho, mpaka sakafuni.

"Jamani," Kaycee alisema. "Sasa si ndiyo ungesema hivyo kule ndani? Ningekupa kura yangu palepale."

"Kule ndani sikuwa najua."

"Haya inuka. Twende nikabadilishe, kabla Peg hajamaliza biskuti."

Twyla hakuinuka. Dirishani Lavonne alikuwa anaosha vikombe vilivyobaki, na mvuke ulikuwa umefunika kioo, hivi kwamba mtu angeweza kuapa kwamba yule mwenye mabega yale ni Bernadette. Moyo wa Twyla uliruka kumwelekea. Hapo akajua kabisa.

"Usibadilishe," alisema.

"Una wazimu? Una pa kwenda?"

"Sina. Lakini nikiingia humo nitakuwa nawatafuta kila kona. Nitawapenda ninyi kidogo, nitawapenda wao sana. Na mimi nikiwa na wao nakunywa, mwanangu. Ndivyo ilivyo. Ulikuwa sahihi na hukujua ni kwa nini."

Kaycee alimkodolea macho, kisha akageuza kichwa na kuita kwa nguvu zote, "Darlene! Njoo umsikie huyu mama yako! Tunampa kitanda anakikataa!"

Darlene alitoka na simu tayari mkononi, kwani ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba. Hakuhubiri. Alisema tu kwamba nyumba ya Grover, soba nyingine kama yao upande wa magharibi wa mji, ilipoteza mtu mmoja wiki hii, aliyeondoka vizuri kwenda kuolewa, na kwamba wao wanakutana jioni hii hii.

"Grover?" alisema Peg kutoka mlangoni, biskuti mkononi. "Masikini. Kule wanagombana kama kunguru. Na Mungu anisamehe, wanapika kabichi."

"Wanajua kupika, tofauti na wewe," alisema Darlene. "Twyla, wanaweza kukataa. Hawakujui."

"Ndiyo," alisema Twyla. "Hawanijui."

Walimsindikiza hadi kwenye gari. Peg alimkumbatia, Lavonne alimvisha ile kofia ambayo haikuwa imekwisha, uzi unaning'inia, na kusema neno lake la kwanza jioni nzima: "Itafaa." Kaycee alisimama mbali kidogo, ndani ya lile koti kubwa. Gari lilipoanza kuteremka, Twyla hakutazama nyuma kwa sababu alitamani mno kutazama. Alitazama mikono ya Darlene kwenye usukani. Ilikuwa na makovu madogo ya kuungua, na Twyla akamwuliza ameyapata wapi. Ilikuwa habari ndefu, ya shangazi yake na kuchemsha utomvu wa miti ya sukari, na iliwafikisha.

Nyumba ya Grover ilikuwa fupi, imebanwa kati ya karakana ya magari na uwanja wa reli. Wanawake sita walimhoji wakiwa wanakula, na mmoja wao, mwenye jino la dhahabu, alimbana vibaya. Amekunywa lini mara ya mwisho? Amekunywa na nani? Peke yake vipi, wakati ametandika vikombe vitatu? Twyla alijibu maswali tu. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza walimtoa, naye akangoja ndani ya gari la Darlene, vioo vimefunga ukungu, mikono ameibana katikati ya magoti. Darlene hakuwasha redio. Treni ya madini ilipita nyuma ya nyumba, ikapita, ikapita, na Twyla akawa anaiomba isiishe, kwa sababu ikiisha ataisikia kura.

Mlango ulifunguliwa na yule wa jino la dhahabu.

"Mnangoja posta?" alifoka kutoka ngazini. "Kabichi inapoa!"

Darlene alipiga usukani kwa furaha, honi ikalia bila kukusudiwa, na mbwa wa karakana akaanza kubweka.

Alipewa kitanda cha chini katika chumba kinachonuka rangi mbichi. Dirisha lilitazama ukuta wa karakana. Hakuna kitu humo kilichowahi kuguswa na mtu anayempenda, na alipokuwa akipanda ngazi zile na begi lake baada ya chakula, hamu ya Mtaa wa Larch ilimshika kiasi cha kumlazimu asimame na kushika ukuta. Aliiacha imshike. Ilikuwa ya kweli, na haikuwa na glasi ndani yake. Kisha akaingia chumbani, kulikokuwa na giza totoro, na kuanza kupapasa kutafuta swichi.

"Nyuma ya kabati," ilisema sauti nzito kutoka kitanda cha juu. "Chini kidogo. Chini zaidi, mama. Hapana, hiyo ya feni."

Feni ikaanza kuzunguka, ikimwaga ubaridi juu yao wote wawili.

"Izime, tutakufa!"

"Naizima vipi?"

"Bonyeza tena. Siyo hivyo, kwa nguvu. Haya, mkono wa kushoto sasa."

Twyla alikuwa anacheka gizani, kofia isiyokwisha imemshuka machoni, mkono wa kushoto ukitembea ukutani.